Mikono Mingi, Dhamana Moja: Sayansi ya Hatari katika Kazi za Ujenzi

Neno "tindiga" katika Kiswahili lina maana ya mahali penye kinamasi. Mtu anayetaka kujenga katika kata ya Tindiga, wilayani Kilosa, hana budi kulikumbuka neno hilo kabla hajanunua mfuko wa kwanza wa saruji. Sehemu kubwa ya ardhi ya huko ni tambarare. Wakati wa masika maji hutanda mashambani, na wakati wa kiangazi udongo mweusi wa mfinyanzi hukauka na kupasuka nyufa. Ardhi hiyo hiyo ndiyo inayotoa mpunga na mahindi. Na panapotoka mazao hapana budi patakiwe maghala, mashine za kukoboa na vyumba vya maduka.

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya somo. Mfanyabiashara mmoja anataka kujenga ghala la mpunga lenye vyumba vinne vya maduka upande wa barabara. Anatia saini mkataba na mkandarasi mmoja, naye anaamini kwamba sasa kazi yote imo mikononi mwa mtu anayemfahamu. Lakini mkandarasi huyo hana mafundi wa kila aina. Kwa hiyo anaigawa kazi: kikundi kimoja kinachimba msingi, cha pili kinakata na kufunga nondo, cha tatu kinamimina zege, cha nne kinajenga kuta, cha tano kinapandisha kenchi na kuezeka bati, cha sita kinatandika nyaya za umeme, cha saba kinaweka mabomba, na cha nane kinamalizia sakafu na lipu. Hao ndio wakandarasi wadogo, yaani watu wanaochukua sehemu ya kazi kutoka kwa mkandarasi mkuu.

Mwenye ghala amefahamiana na mtu mmoja, lakini jengo lake limo katika mikono ya vikundi vinane, na vingine hajapata kuviona kwa macho. Je, nondo zikipungua, zege likiwa dhaifu au kibarua akianguka kutoka kwenye jukwaa, ni nani atakayejibu? Na zaidi ya kujibu, ni nani angeweza kuzuia? Maswali hayo yanaonekana kuwa ya wanasheria na wafanyabiashara peke yao. Kwa kweli ni maswali ya sayansi pia, kwa maana majibu yake yamo katika hesabu, katika fizikia na katika kemia zinazofundishwa shuleni.

KUGAWA KAZI SI JAMBO GENI

Wilaya ya Kilosa imeuona mtindo huu wa kazi kwa zaidi ya miaka 100. Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa na kufika Tabora mwaka 1912, kisha Kigoma mwaka 1914. Ujenzi ulikuwa chini ya kampuni ya Kijerumani ya Philipp Holzmann. Kampuni hiyo haikufanya kila kitu kwa mikono yake. Baadhi ya kazi za tuta waligawiwa wakandarasi wadogo, wakiwamo Wagiriki, nao wakawatumia maelfu ya vibarua Waafrika kuchimba na kubeba udongo.

Reli ni mfano mzuri wa kufundishia, kwa sababu ni kama mnyororo. Treni haiwezi kulipita tuta lililokatika kwa kuwa matuta mengine yote ni mazima. Jambo hilo lilionekana wazi mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, mafuriko makubwa yalipoikumba Kilosa. Maelfu ya watu walipoteza makazi, na maji yakabomoa sehemu za njia ya reli, safari za treni zikasimama. Sehemu kubwa ya reli kati ya Dar es Salaam na Kigoma haikuguswa na maji hayo, hata hivyo vipande vichache vilitosha kuizuia njia.

Jengo nalo ni mnyororo wa namna hiyo. Kuta zilizonyooka haziwezi kuuokoa msingi mbovu, wala bati zuri haliwezi kuziokoa kenchi zilizofungwa vibaya.

HATARI HUPIMWA NAMNA GANI?

Katika maneno ya kila siku hatari ni kitu cha kuogopwa. Katika sayansi hatari ni kitu cha kupimwa. Wataalamu huitazama kwa pande mbili: kwanza, uwezekano wa jambo baya kutokea, pili, ukubwa wa hasara likitokea. Pande hizo mbili zikizidishwa hupatikana kipimo kinachosaidia kujua lipi lishughulikiwe kwanza.

Katika ghala la mfano wetu, ichukuliwe kwamba uwezekano wa mafundi kuvunja vioo vya madirisha ni 1 katika 5, na hasara yake ni shilingi 200,000. Zao lake ni shilingi 40,000. Tena ichukuliwe kwamba uwezekano wa msingi kutitia ni 1 katika 100 tu, lakini hasara yake ni shilingi 50,000,000. Zao lake ni shilingi 500,000, yaani zaidi ya mara 12 ya lile la vioo. Mtu asiyepiga hesabu huhangaika na vioo, kwa kuwa vioo huvunjika mara kwa mara na kila mtu huviona. Msingi humsahaulisha kwa sababu haulalamiki mpaka siku ya mwisho.

Hesabu hiyo ina mpaka wake. Uhai wa mtu hauna bei ya kuzidisha. Tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na watu 36 wakafa. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine liliporomoka Kariakoo, katikati ya shughuli za biashara, na zaidi ya watu 25 wakapoteza maisha. Mahali ambapo kosa linaweza kuua, kazi ya mjenzi ni kuupunguza uwezekano wake kadiri inavyowezekana, hata kama hesabu ya shilingi ingemwambia kwamba gharama ya kuzuia ni kubwa.

HESABU YA MIKONO MINANE

Sasa itazamwe hesabu ya vikundi vinane. Kwa ajili ya mfano, ichukuliwe kwamba kila kikundi ni hodari, na kwamba katika kazi 100 kinafanya 95 bila kosa kubwa. Fundi wa namna hiyo angesifiwa popote. Lakini jengo zima litakuwa salama endapo wote wanane wamefanya vyema kwa pamoja. Ikiwa makosa yao hayategemeani, uwezekano huo hupatikana kwa kuzidisha 0.95 mara nane:

Vikundi 2: 0.90
Vikundi 4: 0.81
Vikundi 8: 0.66

Kwa maneno mengine, mafundi wanane wazuri, kila mmoja akifanya kazi peke yake pasipo kukaguliwa, wataacha kosa kubwa mahali fulani katika jengo 1 kati ya kila majengo 3. Hapana mzembe hata mmoja kati yao, wala hapana mwizi. Kosa limezaliwa na wingi wa mikono.

Dawa yake imo katika hesabu hiyo hiyo. Tuseme kazi ya kila kikundi inakaguliwa kabla kikundi kinachofuata hakijaanza, na mkaguzi anagundua makosa 4 kati ya kila 5 na kuyasahihisha. Hapo makosa yanayobaki kwa kila kikundi hushuka kutoka 5 katika 100 hadi 1 katika 100. Ukizidisha 0.99 mara nane unapata 0.92. Hakuna fundi aliyebadilishwa, wala aliyeongezewa ustadi. Kilichoongezwa ni jicho moja la kukagua kati ya mkono na mkono. Hata hivyo jengo lililokuwa na nafasi 66 katika 100 ya kutoka salama sasa lina nafasi 92.

Tarakimu hizi ni za kufundishia, na katika maisha makosa mara nyingi hutegemeana: tajiri akichelewesha malipo, vikundi vyote vinane huharakisha kwa pamoja. Lakini fundisho halibadiliki. Hatari kubwa ya kugawa kazi ipo mahali ambapo kazi ya mmoja inaishia na ya mwingine inaanza, na hapo ndipo pa kulindwa kuliko pengine pote.

FUNDISHO LA KANSAS CITY

Kisa kinachofundisha jambo hili kwa uwazi kilitokea Marekani tarehe 17 Julai 1981, katika hoteli ya Hyatt Regency ya mji wa Kansas City. Katika ukumbi wa hoteli hiyo kulikuwa na madaraja ya kupitia watu yaliyoning'inizwa kutoka darini kwa fito za chuma. Mawili kati yake yalikuwa moja juu ya jingine. Jioni hiyo, watu wengi wakiwa ukumbini, madaraja hayo mawili yalianguka. Watu 114 walikufa na wengine zaidi ya 200 wakajeruhiwa.

Uchunguzi ulionyesha chanzo kilichokuwa kidogo kwa macho. Katika michoro ya kwanza, fito moja ndefu ilishuka kutoka darini, ikapita katika boriti ya daraja la juu, ikaendelea hadi daraja la chini. Kiwanda kilichopewa kazi ya kutengeneza vyuma kiliona kwamba fito ndefu namna hiyo ingekuwa taabu kuitengeneza na kuifunga. Kikapendekeza fito mbili fupi: moja kutoka darini hadi boriti ya daraja la juu, na nyingine kuanzia kwenye boriti hiyo hadi daraja la chini. Mhandisi akaikubali michoro ya kiwanda. Mabadiliko yakaonekana kuwa ya kurahisisha kazi tu.

Mwanafunzi wa fizikia aweza kuona kilichotokea. Watu wawili waliokamata kamba moja, mmoja juu na mmoja chini, kila mmoja hubeba uzito wake mwenyewe kwa mikono yake. Kamba peke yake ndiyo inayobeba uzito wa wote wawili. Sasa yule wa chini aiachie kamba na kuishika miguu ya yule wa juu. Kamba bado inabeba uzito ule ule, lakini mikono ya mtu wa juu sasa inabeba watu wawili. Ndivyo ilivyokuwa kwa nati iliyoshikilia boriti ya daraja la juu: mzigo wake ukawa mara mbili ya ule wa mchoro wa kwanza. Uchunguzi uligundua pia kwamba hata mchoro wa kwanza haukutimiza nguvu iliyotakiwa na kanuni za ujenzi. Badiliko liliukuta udhaifu, likauzidisha.

Jambo la kutia uchungu zaidi ni kwamba hapana aliyeikokotoa hesabu hiyo fupi ya kiungo. Wasanifu walidhani imefanywa na watengenezaji, na watengenezaji walidhani imefanywa na wasanifu. Kazi ilikuwa imegawanywa, na kipande kimoja kikabaki kati yao bila mwenyewe. Baadaye wahandisi wahusika walinyang'anywa leseni zao katika jimbo la Missouri, kwa hoja kwamba mhandisi aweza kumpa mtu mwingine kazi, lakini hawezi kumpa dhamana yake.

MLANGO WA KWANZA: KABLA YA KUAJIRI

Kanuni hiyo ya dhamana imo pia katika mikataba inayotumika sana duniani. Shirikisho la Kimataifa la Wahandisi Washauri, FIDIC, lililoanzishwa mwaka 1913, linaweka katika mikataba yake sharti kwamba mkandarasi mkuu atajibu kwa matendo na makosa ya mkandarasi mdogo kana kwamba ni yake mwenyewe. Ndiyo kusema, mkandarasi mkuu anapompa mtu kazi hajaitua hatari. Amemkaribisha mtu mwingine aishike pamoja naye. Kwa hiyo hana budi kumfahamu mtu huyo.

Katika Tanzania, Sheria ya Usajili wa Makandarasi ya mwaka 1997 ilianzisha Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Bodi huwaandikisha makandarasi kwa aina za kazi, na katika kila aina kwa madaraja. Makandarasi wa majengo wana madaraja saba, la kwanza likiwa la juu, na madaraja yaliyo chini yake yana kiwango cha juu cha thamani ya kazi. Wapo pia makandarasi wa umeme, wa mitambo, wa kazi za uhandisi wa ujenzi na wa kazi maalumu. Cheti cha usajili basi ndilo swali la kwanza, lakini halipaswi kuwa la mwisho. Cheti huonyesha kwamba mtu ametimiza masharti. Hakionyeshi kwamba mafundi wake bora wako huru msimu huu.

Mwajiri mwenye busara huuliza mambo manne zaidi. Amejenga nini katika miaka ya karibuni, na je, jengo hilo laweza kutembelewa? Ana mafundi wangapi na vifaa gani, na ana kazi nyingine ngapi mkononi? Je, ana fedha za kulipa vibarua kwa majuma machache kabla yeye mwenyewe hajalipwa? Na je, kazi hiyo ataifanya mwenyewe, au ataigawa tena kwa mtu wa tatu? Swali hilo la mwisho husahauliwa mara nyingi. Kila kazi inapogawanywa tena, mtu mmoja zaidi huchukua faida yake, na fedha inayomfikia fundi mwenye mwiko hupungua.

Hapo inafaa kuangalia bei ya chini. Tuseme saruji, nondo, kokoto na ujira wa kazi fulani ya zege haviwezi kupungua shilingi 18,000,000, na mtu mmoja anaomba kuifanya kwa 15,000,000. Milioni 3 zilizokosekana haziwezi kutoka hewani. Zitatoka katika mifuko ya saruji, katika unene wa nondo au katika ujira wa vibarua. Mwenye kuipokea bei hiyo kwa furaha ameununua udhaifu akidhani amepata nafuu.

MLANGO WA PILI: MKATABA

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mkataba wa mkandarasi mdogo ndilo daftari la kazi. Ubora wake hauji kwa urefu wake. Huja kwa kueleza mipaka. Nani atatoboa matundu ya mabomba katika msingi, fundi bomba au fundi zege? Nani atamwagilia zege maji katika siku 7 za mwanzo? Fundi umeme akikata ukuta ili kupitisha nyaya, nani ataziba? Kila swali lisilo na jina la mtu mbele yake ni nati ya Kansas City nyingine.

Mkataba pia huweka akiba dhidi ya kosa. Njia inayotumika sana ni kuzuia sehemu ya kila malipo, mara nyingi asilimia 5 au 10. Katika kazi ya shilingi 20,000,000, asilimia 10 ni 2,000,000. Kwa desturi nusu ya fedha hiyo hutolewa kazi inapokamilika, na nusu hubaki mpaka muda wa kurekebisha kasoro uishe. Tindiga muda huo ungefaa upite msimu mmoja wa masika, maana paa ambalo halijaonja mvua halijatahiniwa.

Lakini haki ina pande mbili. Mkandarasi mdogo asiyelipwa kwa wakati huanza kuiba kutoka katika kazi yenyewe, hata kama hakukusudia: huwapunguza mafundi, huchanganya zege kwa haraka, huwaacha vibarua bila kofia ngumu na viatu. Kwa hiyo tarehe za malipo ni sehemu ya usalama wa jengo sawasawa na nondo. Na kibarua aliye chini kabisa ya ngazi hiyo asiachwe abebe peke yake hatari ambayo wakubwa wameisukuma kutoka mkono hadi mkono. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 zilitungwa ili maisha ya mfanyakazi yasitegemee huruma ya mwajiri peke yake.

MLANGO WA TATU: KUPIMA KABLA YA KUFUNIKA

Kazi nyingi za jengo hufunikwa na kazi inayofuata. Udongo hufunikwa na msingi, nondo hufunikwa na zege, mabomba hufunikwa na lipu. Kosa lililofunikwa hugharimu mara nyingi zaidi kulirekebisha kuliko lililo wazi. Basi kanuni ni moja: kitu chochote kisifunikwe kabla hakijapimwa, na aliyepima atie saini na tarehe.

Kipimo cha kwanza ni cha udongo. Udongo mweusi wa mbugani mara nyingi huwa na madini yaitwayo montimorilonaiti, ambayo hufyonza maji katikati ya tabaka zake na kuvimba, yakikauka hunywea. Jengo lililosimama juu yake huinuliwa na kushushwa kila mwaka, na kuta hupasuka. Kipimo chepesi cha hali hiyo chaweza kufanywa katika maabara ya shule. Udongo hukaushwa, hutwangwa na kuchekechwa kwa chekeche laini. Sentimeta za ujazo 10 za udongo huo humiminwa polepole katika silinda ya kupimia yenye mililita 100 za maji, kisha huachwa kwa saa 24. Ujazo wa udongo uliotulia chini ukisomeka 16, umevimba kwa asilimia 60. Udongo unaovimba chini ya asilimia 50 kwa kawaida hauna madhara makubwa. Unaofikia 100 au kuzidi waweza kulidhuru jengo hata kama ni jepesi. Mchimba msingi hawezi kulaumiwa kwa udongo ambao hakuambiwa habari zake. Kuupima ni wajibu wa anayemwajiri, kabla bei haijakubaliwa. Na pamoja na udongo ulizwe urefu wa maji ya mafuriko: wazee wa mahali watauonyesha juu ya ukuta au shina la mti.

Kipimo cha pili ni cha nondo. Kabla ya kumimina zege, nondo huhesabiwa, unene wake hupimwa, nafasi za ringi huangaliwa, na huhakikishwa kwamba hazigusi mbao wala ardhi. Zege linalozifunika ndilo linalozikinga na kutu. Kazi hiyo huchukua saa moja, na baada ya saa hiyo hakuna macho yatakayoziona tena.

Kipimo cha tatu ni cha maji katika zege. Mwaka 1918 Duff Abrams wa Chicago alionyesha kwamba nguvu ya zege hutegemea hasa uwiano wa maji na saruji. Mfuko mmoja wa saruji una kilo 50. Ukitiwa lita 25 za maji, yaani kilo 25, uwiano ni 0.5. Fundi akiongeza lita 15 ili zege liteleze vizuri na mikono isichoke, uwiano huwa 0.8, na nguvu ya zege hilo inaweza kushuka hadi karibu nusu. Sababu yake ni nyepesi kueleza. Saruji huungana na sehemu tu ya maji hayo. Yanayobaki hukauka na kuacha vijitundu visivyoonekana kwa macho. Mchanga mbichi wa mtoni nao huleta maji yake, na ni lazima yahesabiwe.

Ndoo moja ya maji haiandikwi katika risiti yoyote, wala haimnyimi mtu shilingi. Ndiyo maana hesabu za fedha haziwezi kuikamata. Hukamatwa na kopo la chuma la umbo la pia iliyokatwa ncha, lenye kimo cha sentimeta 30: hujazwa zege bichi, huinuliwa, na mporomoko wa zege hupimwa kwa rula. Hukamatwa pia na vibonge vya zege vya milimita 150 kila upande, vinavyotunzwa majini na kuvunjwa kwa mashine baada ya siku 7 na siku 28. Vibonge hivyo ni ushahidi usiojua kujipendekeza kwa mkandarasi wala kwa mwenye jengo.

GHALA LA TINDIGA

Mwenye ghala wa mfano wetu sasa aweza kurudishwa mahali pake. Hawezi kuyazuia mafuriko, wala hawezi kujenga peke yake. Vikundi vinane vitakuja, maana hakuna fundi mmoja ajuaye kufunga nondo, kuezeka na kutandika umeme kwa ustadi ulio sawa. Kugawa kazi si kosa; ndiko kunakoleta ustadi. Lakini yeye na mkandarasi wake wakiuliza maswali manne kabla ya kuajiri, wakiandika jina la mtu mbele ya kila kiungo cha kazi, wakilipa kwa wakati, na wakikubali kwamba hapana kitakachofunikwa kabla ya kupimwa, watakuwa wameibadili hatari kutoka kitu cha kuogopwa hadi kitu cha kuongozwa.

Wanafunzi waweza kuanza kazi hiyo karibu na shule zao. Wapime udongo wa kiwanja chao kwa silinda. Wahesabu vikundi vilivyofanya kazi katika jengo lolote linalojengwa jirani, wazidishe 0.95 yenyewe kwa yenyewe mara nyingi kama idadi hiyo, kisha wajadili ni wapi mkaguzi mmoja angeleta manufaa makubwa zaidi. Kisha, kwa ruhusa ya mwenyewe na wakiwa mbali na mitambo, wasimame na kumtazama fundi anayechanganya zege, wahesabu ndoo zake.

Siku moja baadhi yao watakuwa wenye maghala, wengine makandarasi, wengine vibarua juu ya majukwaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Wajenzi wa leo wana vipimo vya kuugundua ufa kabla haujazaliwa, na mwenye kuvitumia anawalinda watu ambao pengine hatakutana nao kamwe: watakaolala, watakaouza na watakaohifadhi mavuno yao chini ya paa alilolisimamia.